Mfini wa Bweni la Chini

Enyi mtakaokuja, na ninyi mliokwisha kuja mkaondoka bila kuaga, tegeni masikio. Katika sura hii nitalijibu swali lililowatoa jasho wenye hekima tangu mtu wa kwanza alipojiona kwenye maji akauliza yule ni nani. Mtu ni nani? Nimelichunguza swali hili kwa miaka mingi, nimelizunguka, nimeliingilia kwa mlango wa nyuma, na jibu ninalo. Nitalitoa bila woga, bila upendeleo na bila kumsingizia mwenzangu yeyote.

Kabla ya hapo nieleze kwa nini kisa chenyewe kilianza nikiwa nimepiga magoti. Nina umri wa miaka kumi na sita, na siku ile magoti yangu yalikuwa kwenye kokoto nje ya ofisi ya Mwalimu Atuganile kwa sababu asubuhi nilimvalisha mbuzi wa shule koti la mkuu wa shule, naye akahudhuria paredi mpaka ubeti wa pili wa wimbo wa shule kabla ya mtu kushtuka. Ieleweke kwamba mbuzi alisimama wima kuliko kidato cha pili chote. Na ile miaka mingi niliyoitaja ni wiki tatu.

Shule yetu haina jina. Ilikuwa nalo, lakini mchwa walikula kibao wakianzia na herufi kubwa. Iko mlimani, au mlima uko ndani yake. Inategemea umetokea upande gani. Kengele ya saa sita hupigwa kabla ya kengele ya saa tano, kwa sababu mpiga kengele anapenda kumaliza kazi mapema, kwa hiyo sisi hula chakula cha mchana kisha tukarudi asubuhi kuwa na njaa. Wageni husema hilo haliwezekani. Wakikaa siku mbili, wao pia huanza kushiba kabla ya kula.

Mwalimu Atuganile ndiye mwalimu wa historia na matroni wa mabweni yote matatu. Watu wengine hukusanya stempu au vifuniko vya soda. Yeye hukusanya wafu wa Ufini, na ameifanya kazi hiyo ya mapenzi kwa miaka thelathini na moja. Ilianza siku bibi yake, mzaa mama, alipokuwa akichambua maharage akamwambia, babu yako ni yule fundi Mfini aliyeezeka paa la shule hii. Alipokwisha kusema hivyo aliendelea kuchambua maharage mpaka akafa. Sentensi moja tu. Kwa ajili ya sentensi hiyo Mwalimu alijifunza Kifini, lugha ambayo neno moja linaweza kuanza Jumatatu likaisha Alhamisi. Akaagiza nakala za vitabu vya kanisa vya huko, ambamo wachungaji wa zamani walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani anasoma vizuri na nani anababaisha. Akachora mti wa ukoo kwenye mashuka ya shule, akaunga shuka kwa shuka, na ndiyo maana sisi wa Bweni la Chini tunalala kwenye magodoro matupu. Mashuka yetu yana watu wengine.

Wafu wenyewe hukaa kwenye benchi nje ya ofisi yake wakisubiri kuitwa, kama kwenye zahanati. Huja na kofia za manyoya na buti nzito, hulalamikia jua, hugombania kivuli. Kila baada ya muda Mwalimu huchungulia akasema, "Anayefuata!" Mmoja huingia, huulizwa jina la ukoo, hutoka akitikisa kichwa. Sijawahi kumwona aliyetoka akitabasamu.

Hapa tufikiri pamoja, kwa sababu kwenye jina la ukoo ndipo dunia yote ilipovunjika. Katika sehemu za Ufini alizokuwa akizichunguza Mwalimu, zamani mtu alichukua jina la nyumba aliyoishi. Ukiishi shamba la Ylitalo, yaani Nyumba ya Juu, wewe ni Ylitalo. Ukioa ukahamia shamba la mkeo, Alatalo, Nyumba ya Chini, basi umekuwa Alatalo, na yule Ylitalo wa jana hayupo tena, ingawa suruali ni ile ile. Jina halikuwa damu. Jina lilikuwa mlango. Mwalimu hakulijua hilo mwanzoni, akamfuata Ylitalo mmoja kwa miaka tisa mfululizo. Akajua tarehe ya ubatizo wake, idadi ya ng'ombe wake, ugonjwa uliomuua. Akamwombea. Akamlilia. Mwaka wa kumi akagundua kwamba yule bwana hakuwa na undugu wowote na fundi wa paa. Alikuwa amekodi tu chumba pale. Miaka tisa ya machozi kwa mpangaji.

Alipopona, badala ya kuichukia desturi hiyo, aliileta shuleni. "Inafundisha unyenyekevu," alisema. Tangu hapo kila mwanafunzi huitwa kwa bweni lake. Mimi nilianza nikiwa Ambakisye wa Bweni la Juu. Nikahamishiwa Bweni la Kati kwa kosa la sabuni kwenye sufuria ya uji, nikawa Ambakisye wa Kati. Kisha nikashushwa Bweni la Chini kwa kosa la nyuki, nalo sitaki kulizungumzia. Mvulana aliyepewa kitanda changu cha juu alirithi nafasi yangu pamoja na adhabu mbili ambazo sikuwa nimezimaliza. Alifyeka nyasi siku nne kwa ajili ya mtu niliyekuwa. Nilimtazama dirishani nikala muwa, nikajiuliza kwa huzuni kubwa: je, yule anayefyeka pale si mimi? Nikajijibu kwamba ndiye. Nikampigia makofi.

Basi nilikuwa nimepiga magoti hapo kwenye kokoto, na karibu yangu kwenye benchi alikaa Mzee Heikki, yule fundi wa paa mwenyewe, marehemu wa miaka mingi, akisafisha kiko chake kwa msumari. Aliishi mlimani kwetu miaka minane kabla ya kurudi kwao kufa, na Kiswahili chake ni cha kazini.

"Shikamoo, Mzee Heikki."

"Marahaba. Shika kamba hapo."

Hakukuwa na kamba. Nikashika hewa.

"Mzee," nikasema, "kwa nini usimwambie tu? Ingia, sema, mjukuu wangu, ni mimi hapa. Utuokolee mashuka."

"Nimeingia mara tatu. Anauliza ukoo. Nikisema Ylitalo, ananiandika shuka hili. Nikisema Alatalo, ananihamishia shuka lile. Kijana, mimi nimelala nyumba nne. Nimekuwa watu wanne, buti jozi moja. Sijui ni yupi kati yangu aliyekuja huku."

"Lakini Madam ni mjukuu wako au siye?"

Akapuliza kiko kisicho na moto. "Mimi niliacha paa. Sikuhesabu waliolala chini yake."

Wakati huo Mwalimu akatoka, ameshika kichupa kidogo cha plastiki kama mtu aliyeshika yai la mwisho duniani. Nikajua siku imefika. Shule nzima ilikuwa inajua habari za kichupa. Huko Ufini alibaki Bi. Aune, mpwa wa Mzee Heikki, mwenye umri wa miaka tisini na mitatu, ndiye mtunza kalamu wa chama cha ukoo wao. Chama kilikuwa kinachapa kitabu cha ukoo, kila mtu na jina lake, na kitabu kingefungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata. Bi. Aune alikuwa amekwisha kutoa mate yake kwenye maabara fulani ya vinasaba. Akamwandikia Mwalimu: leta mate yako yakutane na yangu. Yakijuana, nitakuandika kwa mkono wangu. Yasipojuana, usinitumie tena picha za mashuka.

"Ambakisye wa Chini," Mwalimu akaniita.

"Naam, Madam."

"Unajua hiki ni nini?"

"Mate, Madam."

"Ni mililita mbili za miaka thelathini na moja." Akakiinua kwenye mwanga. Nikatazama kokoto. "Wakinijibu ndiyo, naondoka. Bi. Aune ana chumba cha ziada. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, bado tarehe tu."

"Hongera, Madam."

"Huna la kuongeza? Wewe?"

"Nawatakia Wafini uvumilivu, Madam."

Akacheka, akaweka kichupa dirishani kikingoja mtu wa posta, akaenda darasani kufundisha vita ambavyo, kwa kufuata kengele yetu, vilikuwa bado havijapiganwa.

Nieleze jambo moja dogo lisilo na uzito. Mimi nililetwa shule hii na lori la maharage. Kwenye fomu, penye nafasi ya mzazi, karani aliandika namba ya lori. Siku ya wageni, wenzangu wanapozungukwa na shangazi na vyungu, Mwalimu Atuganile hunijia na hotpoti ya wali, huketi nami nyasini, na kwenye daftari la getini, safu ya uhusiano na mwanafunzi, huandika: bado unachunguzwa. Nimesema halina uzito. Tuendelee.

Kichupa kilikuwa dirishani. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu. Mkono wangu, ambao mimi na yeye hatujawahi kuelewana, ukapanda.

Nikamwaga.

Ua lililopandwa kwenye chungu chini ya dirisha likanywa miaka thelathini na moja bila kusema asante. Nikatema. Hayakutosha. Mtu aliyepiga magoti tangu paredi hana mate mengi. Nikafikiria ndimu. Nikafikiria embe bichi na chumvi. Mzee Heikki alinitazama, akasema, "Jaza mpaka mstari," kwa sababu fundi ni fundi tu. Nikajaza mpaka mstari.

Kisha nikafikiri, kwa vipande, jinsi wanafalsafa tunavyofikiri tunapoogopa:

Nje ni yeye. Ndani ni mimi.

Je, si ndivyo walivyo watu wote?

Si ndivyo. Nyamaza.

Kama jina ni mlango, basi mimi nimeingia nyumba ya Atuganile, nimelala kitandani kwake, nimekuwa yeye. Yeye yuko wapi sasa? Yuko kwenye ua.

Ni utani. Ni utani mzuri. Kesho nitacheka.

Kesho, kwa kengele yetu, ilikuwa jana. Sikukumbuka kama nilicheka.

Majibu yalikuja Alhamisi, siku moja kabla ya kitabu kufungwa. Mwalimu aliitisha paredi maalumu. Alivaa gauni la kitenge ambalo hatukuwahi kuliona, na kiatu cha kisigino kilichozama kwenye udongo kila alipopiga hatua. Mkuu wa shule alisimama pembeni akilitazama koti lake kwa mashaka. Mbuzi alisimama pembeni akimtazama mkuu wa shule.

"Nitasoma bila kuruka neno," Mwalimu akasema, akafungua bahasha. "Mpendwa mteja. Tunafurahi kukujulisha kwamba sampuli yako na ya Bi. Aune zinachangia sentimogani mia moja na ishirini."

Hakuna aliyejua sentimogani ni nini. Mimi nilidhani ni kabila. Lakini tuliona uso wake, tukapiga kelele mpaka paa la Mzee Heikki likatikisika. Mimi peke yangu sikupiga kelele. Nilikuwa nimesimama mdomo wazi, na mate, yale yale, yamenikauka. Hayakutakiwa kufanana na mtu.

Mwalimu akafuta macho, akaendelea. "Ninyi ni ndugu wa damu. Aidha," akasoma, na sauti ikaanza kupungua kama redio inayoishiwa betri, "maabara inathibitisha kwamba mwenye sampuli hii ni... mwanamume."

Mwalimu akaitazama karatasi. Akajitazama gauni. Akaitazama karatasi tena. Mtu wa miaka thelathini na moja kwenye kazi hii haulizi mara mbili. Akakunja barua taratibu.

"Kati yenu," akasema, "kuna mvulana aliyeweka mate yake kwenye kichupa changu. Ajitokeze."

Hakuna aliyetikisika. Shule yetu ina nidhamu kubwa katika kutojitokeza.

"Kuna barua ya pili," akasema, kwa uchovu tu, wala si kwa ujanja, nina hakika. "Ya Bi. Aune. Anasema mjukuu wa Heikki aliyepatikana, awe nani awe nani, anakaribishwa Ufini kwa likizo nzima. Nauli ni juu ya Bi. Aune mwenyewe. Amekwisha kumfumia soksi."

Hapo nikashuhudia kitu ambacho hakiko katika vitabu vya historia. Kosa moja, na dunia nzima inalidai.

"Ni mimi, Madam!" Gwakisa, kiranja mkuu, alikuwa wa kwanza kufika mbele. "Sijalala tangu siku ile. Dhamiri imenila."

"Gwakisa, siku ile ulikuwa umelazwa na surua."

"Nilitoroka na surua yangu, Madam."

"Muongo huyo!" akadakia mmoja wa Bweni la Kati. "Mimi ndiye. Niangalie pua, Madam. Hii ni pua ya baridi."

Wakapanga foleni kuanzia ofisini mpaka kwenye tangi la maji, ikazunguka tangi, ikarudi. Kila mmoja aliulizwa alitemaje, na kila mmoja alionyesha, mpaka ikabidi iletwe ndoo. Bweni la Juu lote lilikiri kwa pamoja, kwa wimbo wa sauti nne. Mpishi, Baba Asegelile, alikuja na mwiko wake akasema, "Mimi si mwanafunzi, mwalimu wangu, lakini mate ni mate." Hata mkuu wa shule alikohoa, akasema huenda, hasemi kwa uhakika, huenda siku moja alipiga chafya karibu na dirisha lile. Wafu walihama benchi wakaja kutazama. Walikuwa wamezoea kukataliwa. Hawakuwahi kuona watu wakigombania kuwa wao.

Na mimi? Mimi, ambaye hoja zangu za kujitetea hunukuliwa na vizazi, sikuwa na pa kusimama. Kukataa hakukuwa na maana, kwa kuwa hakuna aliyenituhumu. Kukiri kungenifanya muongo wa mia mbili na arobaini. Nikaenda nyuma ya jengo, ambako mti wa ukoo ulikuwa umeanikwa kwenye kamba baada ya kufuliwa, nikajificha kati ya shuka na shuka. Kulikuwa na baridi humo. Nilisikia kama kunaanguka theluji, ingawa sijui theluji husikika vipi. Majina yalinipitia usoni yakipeperuka. Nilitafuta langu kwa mchezo tu. Halikuwepo, na kwa mara ya kwanza kutokuwepo kwake kulinishangaza.

Mzee Heikki alipita akiwa na misumari mdomoni.

"Mzee, nifiche."

"Mimi nilikimbia nyumba nne," akasema. "Usiniulize mimi habari ya kujificha. Sikuwahi kuimaliza."

Akaondoka. Kisha nikasikia visigino vikizama kwenye udongo, kimoja, kingine, vikasimama mbele yangu.

"Chini ya Kaarina, aliyekufa kwa ndui miaka mia tatu iliyopita," Mwalimu akasema upande wa pili wa shuka, "naona viatu vya shule."

"Ni upepo, Madam."

"Upepo umevaa soksi moja."

Akafunua shuka. Alikuwa ameshika daftari la majina ya wanafunzi, lote limepigwa alama.

"Wavulana mia mbili na thelathini na tisa wamekiri," akasema. "Mkuu wao na mpishi wao wamekiri. Nimeketi na vitabu vya kanisa nusu ya maisha yangu, Ambakisye. Ukikuta nyumba imeandikwa watu wote isipokuwa mmoja, huna haja ya kuwasoma walioandikwa. Unaamka, unamtafuta huyo mmoja."

Nikaanza kukiri. Ajabu ya kukiri ni kwamba ni kama kuharisha, ukianza huchagui. Nikakiri la mbuzi, ambalo alilijua. Nikakiri la sabuni. Nikakiri la nyuki kwa kirefu, pamoja na jina la nyuki aliyeongoza. Nikakiri kosa la Gwakisa la mwaka juzi ambalo Gwakisa mwenyewe amelisahau.

"Hayo yote ninayo," akasema. "Nauliza la kichupa."

"Madam, tukitafakari kwa kina, mtu ni nani hasa, na je, kichupa..."

"Ambakisye."

"Naam, Madam."

"Usinifalsafie."

Mashuka yakapiga makofi kidogo kwa upepo. Hakunifokea, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliongea kama anayesoma orodha ya vitu vilivyobaki stoo.

"Kesho kitabu kinafungwa. Kichupa kingine hakiwezi kufika. Bi. Aune ana miaka tisini na mitatu, na mkono wake hautaandika kitabu cha pili. Wewe utaandikwa humo. Mimi sitaandikwa. Sijui hata kama nilistahili, na sasa sitalijua jibu kutoka kwake. Miaka thelathini na moja niliitafuta nyumba hiyo, na wewe umeingia kwa kutema mate. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini?"

Nilifungua mdomo nitoe utani. Ninao mwingi, nimeupanga kwa ukubwa. Nikatafuta, nikakuta ghala tupu.

"Ulikuwa umeshaandika barua," nikasema.

"Barua gani?"

"Ya kuacha kazi. Ilibaki tarehe." Nilikuwa naongea na kitufe cha tatu cha gauni lake. "Sikutaka kuwa Mfini, Madam. Nilitaka majibu yarudi matupu, waseme hawakujui, ukasirike wiki moja, kisha ubaki. Nilitaka wasikupate. Nilidhani mate yangu hayana ndugu."